Baba na Maneno Marefu ya Kiitaliano

Mwaka huu nimepanda mimi. Magoti ya Mama yamegoma, kaka zangu wako mbali na wana maneno mengi kuliko muda, kwa hiyo nilichukua likizo yangu nikaja Karatu, nikaingia duka la pembejeo pale mjini kununua mbegu ya mahindi. Muuzaji alifungua mfuko kunionyesha kwamba si feki, akanimwagia punje chache kiganjani. Zilikuwa punje za rangi ya waridi, zenye ule unga wa dawa unaobaki kwenye vidole hata ukinawa mara mbili. Nikanusa. Mtu mzima mwenye akili zake hanusi dawa ya mbegu, lakini mimi nilinusa. Muuzaji akauliza kama kuna tatizo, nikamwambia hakuna, ni vumbi tu, na machozi yakanitoka palepale mbele ya mabomba ya kunyunyizia.

Baba alifariki mwaka jana. Watu wananiambia nitamkumbuka kwa mambo makubwa, na kweli yapo, ila harufu ile ilinirudishia jambo moja dogo la nilipokuwa darasa la pili, mvua za kwanza ambazo mimi na yeye tulipanda Kiitaliano shambani. Najua mnaona natia chumvi. Lakini ninyi wa rika langu, mliosoma kwa kuimba ba be bi bo bu mpaka koo likakauka, mtanielewa.

Baba alikuwa dereva wa watalii katika kampuni moja ndogo. Alfajiri alishuka na wageni kreta, kwenye lile bonde la wanyama, jioni alirudi nyumbani kwetu juu Rhotia akiwa na vumbi mpaka kwenye kope, na mkononi lanchi boksi ambayo mgeni hakuimaliza, ambayo mimi na kaka zangu tuliigombania bila aibu. Hakuwa msemaji. Kiswahili chake kilikuwa cha kwetu Wairaqw, kinachoanzia kooni, na Kiingereza chake kilitosha kuonyesha simba na kuomba radhi gari likikwama. Kwa miaka mingi hicho kilitosha.

Msimu ule wa mvua, wageni wanapokuwa wachache na madereva wanakaa nyumbani, bosi wake aliwaita. Akasema kuna wakala mpya atakayeleta Waitaliano kuanzia Krismasi, na anataka dereva mmoja anayeweza kuzungumza nao, na kwamba watapimwa kwanza. Akasema pia magari yatapunguzwa, na kwamba vijana wa chuo kutoka Arusha wanakuja na lugha zao mfukoni. Baba alitueleza hayo wakati wa kula, kwa sauti ileile aliyotumia kusema chumvi imezidi. Mama akaacha kula. Mimi nilielewa kitu kimoja tu, kwamba Baba ana mtihani, na akifeli hatakuwa dereva tena.

Kitabu alikuwa nacho. Mgeni mmoja alikisahau kwenye gari, kidogo, jalada limechanika, maneno ya Kiingereza upande mmoja na ya Kiitaliano upande wa pili. Kilitengenezwa kwa ajili ya watu wanaokwenda Italia, kwa hiyo kilijaa stesheni za treni, vyumba vya hoteli na maduka ya dawa. Wanyama walikuwa ukurasa mmoja wa mwisho, na hata hapo kulikuwa na mbwa na paka kabla ya tembo. Baba hakujali. Alianza ukurasa wa kwanza kama mtu anayelima, kutoka kona moja hadi nyingine.

Mwalimu wake alikuwa Mzee Hamisi. Huyu alikuja ujanani kutoka Singida kuchuma kahawa, akaishia jikoni kwa meneja mmoja Mwitaliano, akampikia miaka mingi mpaka yule meneja akarudi kwao. Mzee Hamisi alibaki, akajenga nyumba ndogo chini ya kwetu, na Kiitaliano chake kikabaki kichwani mwake bila mtu wa kuzungumza naye. Alikijua chote kwa sikio. Kusoma hakujua hata jina lake.

Sasa fikirieni darasa hilo. Mmoja anasoma asichokijua, mwingine anakijua asichoweza kukisoma. Siku ya kwanza Baba alikaa kwenye gogo nje ya jiko letu, akaruka mpaka ule ukurasa wa wanyama amjaribu mwalimu, akasoma neno la flamingo, wale ndege wa waridi wa kule ziwani. Fenicottero. Alilisoma kama sisi tunavyosoma kila kitu, anakaza silabi ya pili kutoka mwisho na kushuka. Mzee Hamisi akafumba macho kama mtu aliyetoneshwa kidonda.

"Kijana," akasema, "huyo ndege umemvunja shingo."

Akalisema yeye, na akapiga mguu chini pale alipolikaza, katikati. Baba akarudia, akakaza palepale pa kwanza. Mzee akapiga mguu tena. Baba akajaribu, akakosa. Hivyo hivyo mpaka kuku wakakimbia. Mzee Hamisi alisema tatizo letu ni kwamba Kiswahili ni lugha yenye adabu, mkazo unaukuta mahali pamoja kila siku kama mtu anayekaa kwenye kiti chake, na hawa wenzetu wanakaza wanapojisikia. Wapi hasa, hakuweza kueleza. Alisema tu "hapa," na kupiga mguu.

Mimi nilikuwa nachambua mchicha, nikasema hapo ni silabi ya tatu. Nikaliimba neno kwa makofi kama tulivyofundishwa shuleni, fe, ni, co, tte, ro, na kwenye la tatu nikapiga kofi kubwa. Wote wawili wakanitazama. Baba akaniambia nirudie. Nikarudia, na safari hii alipolisema yeye na makofi yangu, lilitoka. Mzee Hamisi akafungua macho. Ndivyo nilivyopewa kazi ya ualimu nikiwa na miaka minane, na mchicha ukaendelea kuchambuliwa na Mama.

Hata hivyo niligawa vibaya mwanzoni. Sisi silabi zetu huishia na irabu, kwa hiyo tembo, elefante, nilimkata e-le-fa-nte, na Mzee alikataa katakata. Alisema ile n ni ya fan, haina ndugu kwenye te. Na sauti mbili zinazofanana zikifuatana, akasema, ni pacha: wasipande baiskeli moja, mmoja abaki huku na mwingine avuke. Fe-ni-cot-te-ro. Nililipenda hilo la pacha. Mpaka leo nikiona herufi mbili zimeshikana najisikia kuzitenganisha.

Mvua zikaja, na shamba likatuita. Kwetu tunapanda mahindi na maharage pamoja: mmoja anachimba shimo kwa jembe, mwingine anadondosha mbegu na kufukia kwa mguu. Baba alichimba, mimi nikadondosha, na kwa kuwa mtihani ulikuwa unamkimbiza, hakutaka siku ipite bila maneno. Siku ya pili akapata wazo. Akasema kila shimo liwe silabi moja. Shimo linapata mahindi tu, lakini pale panapokazwa tunaongeza harage. Nilifurahi sana. Alitaja neno polepole, jembe likishuka kwa kila kipande, nami nikifuata na kibati cha mbegu, vidole vya waridi, nikisubiri pa kuweka harage. Neno refu kuliko yote lilikuwa indimenticabile, lisilosahaulika, mashimo saba na harage kwenye la tano. Mama alipoleta chai akatukuta, akauliza kama tunapanda au tunacheza. Baba akamwomba mistari minne tu, ile ya karibu na ua wa minyaa. Mama akasema sawa, lakini akikosa maharage mwaka huu atakula Kiitaliano.

Baada ya siku nane au tisa miche ikatoka. Asubuhi moja nilimwona Mzee Hamisi, ambaye Baba alikuwa amemweleza mstari upi una maneno gani, amesimama kwenye mistari yetu, amevua kofia. Alikuwa anatembea taratibu na fimbo yake, kila mche anaugusa kidogo kwa ncha, na midomo inacheza. Nilipomkaribia nikasikia anasema fe, ni, na alipofika kwenye harage akakaza, cot, halafu te, ro. Akasogea kwenye linalofuata. Alikuwa anasoma. Alijua nyuma yake nipo lakini hakugeuka. Alimaliza mstari mzima, akavaa kofia yake, akaniambia nisimwambie mtu yeyote kwamba amelia.

Laiti mambo yangebaki hapo. Lakini mimi nilikuwa mtoto wa kusikiliza visivyonihusu, na nyumbani kulikuwa na Ama, bibi yangu mzaa baba, ambaye alisema kila kilichompitia kichwani. Ama hakupenda Kiitaliano. Jirani yetu mmoja kijana wake alijifunza Kijerumani, akampata mama mmoja Mjerumani, akaondoka. Kilichorudi ni picha, kijana amesimama kwenye theluji na koti la kufika magotini, na mama yake aliitundika ukutani akawa anaifuta vumbi kila Jumapili. Siku moja nilimsikia Ama akimwambia Mama kwa Kiiraqw kwamba yule naye alianza hivihivi, na kitabu. Mama aliendelea kukoleza moto.

Ningeweza kulipuuza, kwa kuwa Ama alitabiri mengi ambayo hayakutokea. Ila Baba alikuwa na sentensi moja aliyoipenda. Ilikuwa ndefu na ilitoka vizuri mdomoni, akawa anaisema akinyoa ndevu, akifunga mbuzi, akioga. Vorrei un biglietto di sola andata. Nilimuuliza Mzee Hamisi maana yake.

"Anaomba tiketi ya kwenda," akasema.

Nikauliza, na ya kurudi? Mzee alikuwa anasokota kamba. Akasema hapana, hiyo ni ya kwenda tu, ya kurudi hajaiomba.

Nawaambieni, sikula siku ile. Kila kitu kikajipanga. Kitabu kilikuwa na wanyama wa ukurasa mmoja tu kwa sababu Baba hakuwa na haja nao. Kilikuwa na treni, hoteli na vyumba, na Baba alikuwa anavijua vyote, hata kuuliza chai ya asubuhi ni saa ngapi. Nilimwona kwenye picha, kwenye theluji, na Mama akimfuta vumbi. Nilipaswa kumuuliza tu. Lakini mtoto akishaogopa kitu hakiulizi, kwa kuwa akiuliza kinaweza kuwa kweli.

Zikiwa zimebaki siku kama kumi, Mzee Hamisi akapata habari ya msiba kwao Singida. Kabla ya kuondoka aliniita. Kulikuwa na maneno kumi na moja magumu ambayo Baba alikuwa hajayashika, ya wanyama na ya njiani, na Mzee alinisemea kila moja mara tatu, akipiga mguu. Akamwambia Baba, sikio la mtoto halivuji, huyu mjukuu ndiye atakayekutunzia. Baba aliyaandika kwenye daftari, akayagawa mwenyewe kwa vistari, na akaniachia kalamu nyekundu niweke nukta chini ya kila silabi inayokazwa.

Niliweka nukta. Zote kumi na moja niliziweka mahali pasipo pake.

Mengine ilikuwa kazi rahisi. Kiboko kwa Kiitaliano ni ippopotamo, na mkazo uko kwenye po ya pili. Nilichofanya ni kuuacha uteleze kwenye ta, mahali ambapo ulimi wa Baba ulitaka kwenda tangu mwanzo. Mengine yaliyokaa sawasawa nikayapotosha kwa makusudi. Kifaru, rinoceronte, ambaye hana matatizo na mtu, nilimkaza katikati. Kila jioni kabla ya giza tulikaa kwenye gogo, Baba akasema neno, mimi nikapiga makofi, yeye akafuata makofi. Alikuwa mwanafunzi mzuri, na hilo ndilo lililoniumiza. Kosa nililompa alilibeba kwa uangalifu, akalirudia hata mara ishirini, mpaka likakaa. Usiku nililala nimefurahi kwa dakika mbili hivi, halafu nikaanza kuyahesabu upya, moja hadi kumi na moja.

Asubuhi ya mtihani mvua ilikuwa imenyesha na barabara ya kushuka mjini ilikuwa tope tupu. Mama alipiga pasi shati jeupe. Baba alivaa mabuti ya mvua, na viatu vyake vya ngozi akavifunga kwenye mfuko wa nailoni avivae akifika. Akanywa chai amesimama, huku akiyapitia yale maneno kumi na moja, moja baada ya jingine, yote kombo, yote kama nilivyomfundisha. Alipomaliza akamgeukia Mama, na kwa mtu asiyesema sana alisema mengi.

"Mama, nikiipata kazi hii, ujue ni huyu. Mimi peke yangu nisingeweza."

Nililia mpaka nikakosa pumzi. Wakadhani naumwa. Maneno yalipopatikana nilisema nimeyaharibu yote, nukta zote ni za uongo. Mama alinyanyuka kutafuta fimbo, na simlaumu, ningekuwa mimi ningechukua mwiko. Baba akamwambia aniache. Akaweka kikombe chini, akachuchumaa na mabuti yake, akaniuliza kwa nini.

"Sitaki uende," nikasema.

"Niende wapi?"

"Kwa Waitaliano. Umeomba tiketi ya kwenda tu."

Ama, kwenye kona yake, alikohoa. Mama alifunika mdomo kwa kanga. Mimi nilikuwa namtazama Baba, nikisubiri acheke, kwa sababu kama angecheka nadhani nisingemsamehe, mimi niliyekuwa na kosa. Hakucheka. Alifikiri kama mtu aliyeulizwa njia na anataka kuielekeza vizuri. Akasema sentensi ile ilikuwa kitabuni tu na aliipenda kwa jinsi ilivyosikika, na kwamba hajawahi kufikiria inamfikisha wapi. Akasema kazi yake ni kuwapeleka watu kreta na kuwarudisha, na akishawarudisha wao anajirudisha mwenyewe. Halafu akauliza ni maneno mangapi. Nikasema kumi na moja. Akatazama nje, akamwambia Mama anitafutie sweta.

Tulishuka wawili kwa miguu, saa nzima ya tope jekundu. Alinishika mkono, na kila hatua ilikuwa silabi. Penye mkazo tulikanyaga kwa nguvu, tope likaruka, na kwa sababu tulikuwa tunafukuzana na saa hatukusimama hata mara moja. Watu waliotoka kukamua walitupisha njia. Lile alilolishika kombo kwa siku tisa lilikataa kutoka kwa saa moja. Tulifika mjini manane yamenyooka. Matatu, kiboko akiwa mmojawapo, yalikuwa yanarudi palepale kila alipoyaachia. Sweta langu lilikuwa jekundu mpaka kifuani. Alivaa viatu vyake mlangoni pa ofisi, akaniketisha kwenye benchi chini ya dirisha, akaingia.

Ndani kulikuwa na bosi wake, na mama mmoja wa Kiitaliano mwenye nywele nyeupe aliyetumwa na wakala. Kabla ya Baba alikuwa ametoka kijana mmoja wa Arusha, mchangamfu, anayejua anachokifanya. Nilisikia Baba anaanza. Mama yule alikuwa na picha, anaonyesha, Baba anataja. Tembo alipita. Kifaru alipita, nikashukuru Mungu. Walipofika kwa kiboko nikashika ubao wa benchi kwa mikono miwili. Ippopo-TA-mo, akasema Baba, kwa sauti kubwa na ya uhakika.

Yule mama alicheka. Alicheka kweli, kile kicheko kinachomshinda mtu, na mimi pale nje nikajua nimemfukuza Baba kazi. Kikatulia, akauliza kitu kwa Kiitaliano, polepole, kama anayemuuliza ni nani aliyemfundisha hivyo. Baba angeweza kusema Mzee Hamisi, angeweza kusema kitabu.

"Mia figlia," akasema.

Hilo nililijua, lilikuwa kwenye ukurasa wa familia. Binti yangu. Alilisema bila kukosea popote. Kichwa cheupe kikatokeza dirishani, kikaniangalia pale chini, mimi na tope langu, na nikaangalia viatu vyangu. Ndani wakaendelea kuzungumza, wakaendelea muda mrefu kuliko walivyokaa na yule kijana. Baadaye Baba alinieleza alichofanya. Aliishiwa maneno ya kitabu, akaanza kuunganisha vipande alivyokuwa navyo, kumweleza kwamba binti yake aliogopa, kwamba yeye hurudi nyumbani, kila jioni. Hakujua kama ilikuwa sentensi. Mama yule alimsikiliza mpaka mwisho.

Alimpa kazi kwa majaribio, msimu mmoja. Ule msimu ukawa miaka yake yote iliyobaki ya kazi. Nyumbani Mama hakusema fimbo imesamehewa, ila hakuitafuta tena, na mimi nilifulishwa sweta langu na kunyimwa sukari kwenye chai kwa wiki nzima, adhabu ambayo naona ilikuwa ndogo.

Mzee Hamisi aliporudi kutoka Singida alinyoosha yale matatu kwa siku mbili. Baba aliyajua vizuri kuanzia hapo, na hilo nataka lieleweke. Kwa hiyo nilipokuwa sekondari na kupanda gari lake siku moja na wageni, nikamsikia akionyesha dimbwi na kusema ippopo-TA-mo, wageni wakiangua kicheko, niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Jioni nikamuuliza, Baba, si unajua? Akasema anajua. Akasema lile sahihi ni la wenyewe, na hili ni letu. Nilikuwa na umri ule wa kudhani wazazi wanafanya mambo ili kutuaibisha, nikaondoka zangu.

Siku tulipomzika, madereva walikuja wengi, magari yamepangwa kutoka kwetu mpaka kanisani. Baada ya watu kula nilikwenda kwenye pipa la maji kunawa, nikawakuta vijana watatu wa sare za kampuni, wale aliowafundisha Kiitaliano alipostaafu, kwenye gogo nje ya jiko letu kama alivyofundishwa yeye. Walikuwa wanapiga hadithi za kazini kwa sauti ya chini, kama watu wanavyofanya msibani ili wasilie. Mmoja akataja kiboko. Alimtaja kwa kosa langu.

Nikamuuliza nani kamfundisha kulisema vile. Akasimama kwa heshima, akidhani namsahihisha. Akasema Mzee, maana ndivyo walivyomwita Baba, aliwafundisha yote mawili, lile la kwenye kitabu na hili, na hili aliwaambia walitumie siku wageni wamechoka na njia ni ndefu.

"Alisema hili alifundishwa na mtu aliyekuwa hataki aondoke," akasema.

Nikamwambia mtu huyo ni mimi, na bado sitaki.